Kipimo cha Mifupa Kimesema Ni Mzima, Mbona Mkono Umevunjika?

«Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi naye Mbagala. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14 sasa na anatumia metifomini, glibenklamidi na dawa ya presha. Mwezi uliopita aliteleza bafuni alfajiri, akaangukia mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Amefungwa P.O.P (hogo). Hospitali walituambia apimwe mifupa kwa mashine, majibu yakaja −1.1, tukaambiwa mifupa yake ni mizuri kwa umri wake. Majirani wanasema dawa za sukari ndizo zilizomaliza mifupa, aziache mpaka mfupa uunge. Shangazi anamletea supu ya kongoro kila asubuhi, na bamia ili ute wa viungo urudi. Mwingine anataka tumpeleke kwa mwunga mifupa. Usiku mama huamka mara tatu kwenda haja ndogo, na miguu yake hufa ganzi. Je, kisukari kinaweza kuvunja mifupa wakati kipimo ni kizuri? Tumpe vidonge vya kalsiamu? Au tumzuie kutembea asije akaanguka tena?»

Marahaba, dada yangu, na umpe mama pole nyingi kutoka kwangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu umeeleza mambo ambayo wengi huyaacha nje wanapoandika: saa aliyoanguka, ganzi ya miguu na safari za usiku. Unaniuliza kama mtu mwenye kisukari anaweza kuvunjika mfupa ilhali kipimo kimesema mfupa ni mzima. Jibu langu ni ndiyo. Kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili hali hiyo ndiyo ya kawaida, na kipimo kilicho kizuri kisiwafanye mkalala usingizi mnono.

Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vinavyoshirikiana, kama nguzo ya ghorofa inavyojengwa kwa zege na nondo. Zege la mfupa ni madini, hasa kalsiamu na fosforasi, nayo huupa ugumu. Nondo zake ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, nazo huuwezesha kupinda kidogo na kurudi bila kupasuka. Mashine aliyopimwa mama hupima zege peke yake: hupitisha miale na kukadiria wingi wa madini yaliyomo. Nondo haizioni. Sisi tunaoishi kando ya bahari tumeona majengo ambayo zege lake kwa nje halina kasoro huku nondo zimeliwa na kutu kwa ndani, na fundi mwenye uzoefu hakubali kulisifia jengo la namna hiyo kwa kulitazama ukuta tu.

Kutu ya mfupa wa mwenye kisukari ni sukari yenyewe. Bila shaka mama amewahi kupimwa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kinachopimwa pale ni sukari iliyojinasa kwenye protini ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takribani siku 120, alama hiyo hufutika na kuandikwa upya. Kolajeni ya mfupa nayo hunaswa na sukari kwa njia hiyohiyo, isipokuwa yenyewe hukaa miaka mingi kabla ya kubadilishwa, hivyo sukari hujirundika na kuziunganisha nyuzi mahali pasipostahili. Nyuzi zilizokuwa laini hukakamaa kama ukindu uliokauka juani: ukiutazama ni uleule, ukiukunja unakatika. Mama ana miaka 14 ya jambo hilo, mbali na miaka ambayo kisukari huwa kimeshaanza kabla ya kugunduliwa.

Lipo na jambo la pili. Mfupa si kitu kilichokufa. Kila siku kuna seli zinazobomoa vipande vilivyochakaa na nyingine zinazojenga vipya, na kwa mtu mzima takribani sehemu moja ya kumi ya mifupa hufanyiwa ukarabati huo kwa mwaka. Kisukari cha muda mrefu huupunguza mwendo wa kazi hiyo, kwa hiyo nyufa ndogondogo zinazotokana na maisha ya kawaida hubaki bila kuzibwa, na gamba la nje la mfupa linaweza kupata vitundu. Mwili mnene, ambao wengi wenye kisukari hiki wanao, huongeza wingi wa madini kwa sababu mfupa huitikia uzito unaoubeba. Ndiyo maana utaona jambo linaloshangaza: wenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi hupata majibu sawa na ya wenzao au mazuri zaidi, na bado hatari yao ya kuvunjika nyonga ni kubwa kuliko ya wenzao kwa takribani theluthi moja hadi theluthi mbili. Kwa kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachoanza utotoni au ujanani, hata madini yenyewe hupungua, na hatari ya nyonga huwa mara tatu au zaidi.

Sasa tuirudie hiyo −1.1. Namba hiyo hulinganisha mfupa wa mama na wa kijana mwenye afya, kuanzia −2.5 kwenda chini ndipo tunaposema mtu ana udhaifu wa mifupa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili wataalamu wengi hawasubiri −2.5, huanza kufikiria matibabu kwenye −2.0, kwa kuwa wanajua namba yake inapendeza kuliko mfupa wake. Angalieni pia kwenye karatasi ya majibu namba hiyo ni ya sehemu gani. Mgongo wa mtu mzima huwa na vinundu vya uzee na mishipa mikubwa iliyoingiwa chokaa mbele yake, na mashine huvihesabu vyote hivyo kana kwamba ni mfupa imara. Mimi huamini zaidi namba ya nyonga. Kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mfupa kinachotumika duniani, kilichotoka Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, nacho hakikuwa na swali la kisukari cha aina ya pili, hivyo humkadiria mtu kama mama chini ya uhalisia. Madaktari wanaolijua hilo huziba pengo kwa kujaza «ndiyo» kwenye swali la baridi yabisi hata kama mgonjwa hana ugonjwa huo.

Juu ya namba zote hizo kuna ushahidi mnaouona kwa macho. Mama alikuwa amesimama kwa miguu yake, akateleza, mfupa ukavunjika. Hakuanguka kutoka juu ya mwembe wala hakugongwa na bodaboda. Mfupa unaovunjika kwa mwanguko wa kimo cha mtu aliyesimama, baada ya umri wa miaka 50, tunauhesabu kuwa mfupa dhaifu mpaka ithibitike vinginevyo, na aliyekwisha kuvunjika mara moja ana hatari ya karibu mara mbili ya kuvunjika tena mahali pengine. Kifundo cha mkono mara nyingi hutangulia. Tunachokihofia zaidi ni nyonga, kwa maana katika nchi nyingi zilizofuatilia jambo hili, takribani mgonjwa mmoja kati ya watano wenye umri mkubwa hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga, na wengi wa wanaobaki hawarudii tena kutembea kama zamani.

Kuhusu majirani, naomba mama asiache dawa hata kwa siku moja. Sukari iliyopanda huchelewesha mfupa kuunga, na hukaribisha maambukizi iwapo atahitaji upasuaji. Metifomini haina ubaya kwa mifupa. Inachohitaji kwa mtu aliyeitumia miaka mingi ni kuangalia kiwango cha vitamini B12, kwa kuwa inaweza kukishusha, na upungufu wake huongeza ganzi ileile ya miguu unayoitaja. Dawa ya sukari inayojulikana wazi kuathiri mifupa, hasa ya wanawake, ni pioglitazoni, na kama siku moja atapendekezewa, mkumbusheni daktari kwamba amewahi kuvunjika.

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye glibenklamidi. Haili mfupa, ila hushusha sukari kwa muda mrefu, na mtu mzima aliyekula kidogo jioni anaweza kuamka alfajiri na sukari iliyo chini, akiwa na jasho, kizunguzungu na macho yenye ukungu. Ukinieleza kuwa mama alianguka alfajiri, swali langu la kwanza ni sukari yake ilikuwa ngapi saa ile. Pengine hakuna aliyepima, na si kosa la mtu. Kuanzia sasa mpimeni sukari mara chache alfajiri kabla hajainuka kitandani na muandike. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, na ikishapanda ale kitu. Kisha pelekeni namba hizo kliniki ya kisukari na mwulize kama anaweza kuhamishiwa dawa isiyoshusha sukari kwa nguvu hivyo. Gliklazidi iko katika kundi lilelile lakini ni salama zaidi kwa wazee kwa upande huu. Uamuzi huo ni wa daktari anayemwona, kwa kuwa figo zake lazima zipimwe kwanza.

Supu ya kongoro na bamia, mshukuruni shangazi kwa upendo wake. Ukweli ni kwamba kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kwenye supu kwa kiasi cha maana. Kinachotoka ni mafuta, chumvi na protini kidogo. Bamia ni mboga nzuri kwa mwenye kisukari kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, lakini ute wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine na hauna njia ya kufika kwenye kiungo. Gharama ya kongoro la kila siku ingemfaa zaidi ikigeuka maziwa na dagaa. Mwanamke wa umri wa mama anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula na vidonge vikiwa pamoja. Glasi moja ya maziwa, freshi au mgando, bila sukari, ina takribani 300. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina, na ulezi una kalsiamu kuliko nafaka nyingine tulizozoea, ingawa uji wake uwe wa kikombe kimoja, kwani nao hupandisha sukari. Mchicha una kalsiamu, lakini pia una asidi inayoishikilia, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Nakuomba pia umwangalie protini. Naona mara kwa mara wagonjwa walioambiwa «punguza chakula» wakabaki na ugali wa dona na mboga za majani, misuli ikaisha mapajani, na mtu asiye na mapaja huanguka. Mayai, samaki, maharage na kunde virudi kwenye sahani, isipokuwa kama daktari amemwekea mpaka kwa ajili ya figo.

Vidonge vya kalsiamu basi ni vya kujaza pengo. Akipata glasi mbili za maziwa na dagaa, kinachobaki ni kidogo, na kuzidisha hakuongezi nguvu ya mfupa, kunaweza kuleta mawe ya figo. Vitamini D ndiyo inayosahaulika zaidi hapa kwetu, kwa kuwa tunadhani jua la Dar es Salaam linatutosha sote. Jua lipo, ila mama mtu mzima anayeshinda ndani, mwenye ngozi nyeusi, na akitoka amejifunika vizuri, halimfikii. Tena tumezoeshwa kwamba jua lenye vitamini ni la asubuhi sana. Miale inayotengeneza vitamini D huwa michache jua linapochomoza na huongezeka linapopanda, hivyo robo saa hadi nusu saa uani kuanzia kama saa nne, mikono na miguu ikiwa wazi, humfaa kuliko saa nzima ya mapambazuko. Ikiwa hilo haliwezekani, uniti 800 hadi 1,000 kwa siku kwa kidonge zinatosha watu wengi.

Kuna kitu hamkukitaja nami nakiuliza kwa sababu nakutana nacho mno. Je, mama amewahi kunywa vidonge vya maumivu ya viungo visivyo na jina, au dawa ya unga iliyomwondolea maumivu kwa siku moja? Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa za kundi la prednisoloni na deksamethazoni. Hizo hupandisha sukari na hubomoa mfupa kwa kasi. Prednisoloni ya miligramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu inatosha kuudhoofisha. Ikiwa amezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla, kwa kuwa mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa hatari. Aende nazo kwa daktari.

Mwunga mifupa simdharau, na najua wapo waliopona mikononi mwao. Kwa mwenye kisukari nasema hapana, bila kusitasita. Bandeji iliyokazwa na vijiti kwenye kiungo chenye ganzi na mishipa ya damu iliyopungua inaweza kukata damu bila mgonjwa kusikia maumivu, na tumepoteza mikono na miguu kwa njia hiyo. Hata P.O.P aliyonayo iangalieni: vidole vikivimba, vikabadilika rangi, vikawa baridi au vikafa ganzi, arudi hospitali siku hiyohiyo. Wakati huohuo avikunje na kuvikunjua vidole, na ainue bega na kiwiko kila siku ili visikakamae.

Kumzuia kutembea kungeniumiza zaidi kuliko mambo mengine yote uliyoyataja. Mfupa usiobeba uzito hupungua, misuli inayomshika asianguke hunywea, na sukari hupanda. Atembee, tena kila siku, akiwa amevaa viatu vyenye soli isiyoteleza na kisigino kilichoshikwa, badala ya kandambili zilizolika. Mwanzoni asimame na kuketi kwenye kiti imara mara kumi bila kujisukuma kwa mkono, asubuhi na jioni. Akizoea, asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, huku amegusa meza kwa mkono mzima na wewe uko karibu. Kabla ya kunyanyua vitu vizito achunguzwe macho, kwa maana kisukari kinaweza kuwa kimeharibu mishipa ya ndani ya jicho ambayo hupasuka mtu akijikaza; na ikiwa ana mtoto wa jicho, upasuaji wake ni kinga dhidi ya kuanguka.

Safari zile tatu za usiku ndizo ningeanza nazo leo jioni. Kwenda haja mara kwa mara kunaweza kuwa ni sukari iliyo juu, maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa ya presha ya kundi la kuongeza mkojo inayonywewa usiku, ambayo daktari anaweza kuihamishia asubuhi. Mpaka hilo lijulikane, wekeni ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, tochi chini ya mto kwa zile siku za umeme kukatika, na aketi ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama. Bafuni pasuguliwe sabuni iliyoganda, pawekwe mkeka wa mpira na kiti cha plastiki kisichoyumba cha kuogea, na fundi wa kuchomelea awatengenezee bomba la kushikia ukutani. Fedha za bomba hilo zitazuia mivunjiko mingi kuliko chupa ya vidonge.

Je, anahitaji dawa ya mifupa yenyewe? Hapa nakupa maoni yangu kwa uwazi. Mfupa wa kifundo uliovunjika pamoja na −1.1 havitoshi peke yake kumlazimisha kuanza. Kinachoweza kubadilisha uamuzi ni picha ya eksirei ya mgongo, kwa kuwa pingili nyingi zinazobonyea hubonyea kimyakimya na wengi wenye nazo hawajui. Kama mama amepungua kimo kwa zaidi ya sentimita nne tangu ujana, au mgongo umeanza kupinda, iombeni picha hiyo. Pingili iliyobonyea maana yake ni kwamba dawa inahitajika, namba yoyote iweje. Inayoanza mara nyingi ni alendronati, miligramu 70 mara moja kwa wiki, nayo imeonekana kuwafaa wenye kisukari kama wengine. Hunywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi kamili ya maji matupu, kisha mtu abaki wima nusu saa bila kula wala kurudi kulala, la sivyo huunguza koo. Figo zikiwa zimeshuka sana haifai, na meno yaliyooza yang'olewe kabla. Sindano zipo pia, kwa wasioweza vidonge.

Mpelekeni kliniki katika wiki mbili zijazo, Temeke au mnakotibiwa, mkiwa na karatasi ya kipimo cha mifupa, namba za sukari za alfajiri na dawa zake zote mfukoni. Ombeni kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kreatinini (ya kupima figo), kalsiamu na, ikiwezekana, vitamini D. Kama ana bima ya afya ulizeni mapema kipi kinalipiwa.

Yapo mambo ambayo hayangojei kliniki. Akianguka akashindwa kusimama, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, msimwinue kumketisha kwenye bajaji. Mlazeni juu ya ubao au godoro gumu na afikishwe hospitali yenye upasuaji wa mifupa, ambako mkitakiwa mtapewa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa iliyo pale Muhimbili, kwani nyonga hutengemaa zaidi ikipasuliwa ndani ya siku mbili. Akigonga kichwa, au akipata maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kuinama au kukohoa, aende siku hiyo. Na kila usiku, mnapomkagua miguu, igusisheni viganja vyenu yote miwili. Mguu mmoja ukiwa umevimba na una joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, hata kama hauna kidonda, asiukanyage tena mpaka apigwe picha. Mifupa ya mguu wenye ganzi huweza kusagika mtu akiwa anatembea bila kusikia lolote, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kuteguka au maambukizi ya ngozi. Mwambieni daktari wazi kwamba ana kisukari cha miaka 14 na miguu hufa ganzi, ili alifikirie hilo kwanza.